Them Mushrooms wa Mombasa: Nusu Karne ya Bendi Iliyokutanisha Vizazi

Ni nadra kumpata mgeni aliyeshuka katika pwani ya Kenya kwa muda wa miaka arobaini na ushei iliyopita, awe amekuja kwa ndege ya kukodi kutoka Ulaya au kwa gari moshi kutoka bara, asiyeimbiwa Jambo Bwana kabla hajamaliza siku yake ya kwanza. Na ni nadra zaidi kumpata mwenyeji wa Mombasa, mdogo kwa mkubwa, asiyeujua wimbo huo tangu mwanzo hata mwisho. Walakini ukimwuliza mgeni yule, na aghalabu hata mwenyeji huyu, ni nani aliyeutunga, na bendi iliyoutia katika santuri ilifanya kazi gani nyingine kabla yake na baada yake, utapata kimya, au utatajiwa bendi isiyohusika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Them Mushrooms: wimbo wao uliizunguka dunia, na jina lao likabaki nyuma.

Sasa bendi hiyo imekwisha kutimiza nusu karne, na insafu inatupasa tuiandikie tarikh yake kwa taadhima inayostahili. Tarikh hiyo, ikisomwa kwa utulivu, hudhihirisha kwamba fadhila kubwa ya vijana wale wa pwani haikuwa katika wimbo mmoja uliowapa watalii furaha, ingawa furaha ile ilikuwa ya kweli. Ilikuwa katika moyo wao wa kuwakutanisha waliotengwa na miaka, na kuzirudisha jukwaani sauti ambazo watu walikwisha kuzihesabu kuwa za zamani.

Hapana bendi izukayo pasipo asili, na asili ya bendi hii ni Mvita, yaani Mombasa, mji ambao muziki wake ulikuwa na mabwana wake na kanuni zake zamani kabla ya gitaa la umeme. Katika Mji wa Kale na mitaa ya jirani, arusi haikuwa arusi bila ya taarab, na taarab ilikuwa na wapiga udi waliosifika pwani nzima. Mbaruk Talsam alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Mombasa ambao sauti zao zilinaswa katika sahani za santuri, zama za kabla ya vita vya pili vya dunia; baada yake akaja Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyehamia Mombasa, bingwa wa udi na mhifadhi wa nyimbo za kale; na Juma Bhalo, ambaye sauti yake iliwafanya watu wamfuate kutoka arusi moja hadi nyingine; na Maulidi Juma, na Zuhura Swaleh, na Matano Juma, ambao kila mmoja alikuwa na kikundi chake na wapenzi wake. Duka la Assanand lilizirekodi sauti nyingi za watu hao kwa nembo ya Mzuri, na kwa sababu hiyo kazi za zama zile zimetufikia sisi tuliozaliwa nyuma.

Kando ya taarab ilikuwapo chakacha, ngoma ya wanawake ya arusini, ambayo mapigo yake huzunguka pamoja na viuno vya wachezaji, na ngoma zake, msondo na vumi na chapuo, hujibizana bila ya mmoja kumkanyaga mwenziwe. Na nyuma ya mji, katika vilima na mashamba ya minazi ya Wamijikenda, zilikuwapo ngoma nyingine nyingi, mathalani sengenya ya Wadigo, zenye kayamba na manyanga, na zenye waimbaji waliojua kumsifu mtu na kumtahayarisha mtu katika ubeti mmoja. Kijana aliyekulia pwani katika miaka ya 1950 na 1960 alizisikia sauti hizi zote bila ya kuambiwa kwamba ni elimu, na juu yake akazisikia kwa redio rumba za Kongo, nyimbo za Marekani, na mwishowe rege ya Jamaika.

Katika hali hiyo ndipo ndugu wa jamaa ya Harrison walipoingia katika muziki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa na kikundi kilichoitwa Avenida Success, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakajiita Them Mushrooms, jina ambalo baadaye walilitia katika Kiswahili wakawa Uyoga. Teddy Kalanda Harrison, Billy Sarro Harrison, George Zirro Harrison, John Katana Harrison na Dennis Kalume Harrison: majina matano ya watoto wa nyumba moja, jambo ambalo katika muziki ni neema na ni mtihani. Ni neema kwa kuwa sauti za ndugu hupatana bila ya kulazimishwa, na mtihani kwa kuwa ugomvi wa mazoezini haumaliziki mazoezini, hufuata watu mpaka mezani. Bendi nyingi za Afrika Mashariki za zama zile zilivunjika kwa sababu ya fedha, au ya husuda, au ya mwimbaji mmoja aliyeona nafsi yake imekua kuliko wenziwe. Udugu wa damu uliipa Them Mushrooms nguzo ambayo bendi za kuajiriana hazikuwa nayo, na wengine waliojiunga nao katika safari walikuta nyumba iliyokwisha kusimama.

Wakati ule pwani ilikuwa inageuka. Mahoteli yalikuwa yakijengwa kaskazini, Nyali na Bamburi, na kusini, Diani, na kila hoteli ilitaka bendi ya kuwatumbuiza wageni usiku. Mwaka wa 1980 daraja jipya la Nyali lilichukua mahali pa lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji tangu 1931, na njia baina ya kisiwa na fuo za kaskazini ikawa nyepesi kwa magari na kwa wafanyakazi wanaovuka asubuhi na kurudi usiku wa manane. Wanamuziki walikuwa miongoni mwa wafanyakazi hao. Them Mushrooms walipata kazi ya kudumu katika Severin Sea Lodge, hoteli ya Bamburi, na hapo ndipo walipoisomea kazi ya jukwaa katika chuo kisichotoa shahada.

Haifai kuidharau kazi ya bendi ya hoteli, kama baadhi ya wajuzi walivyozoea kuidharau. Mpiga gitaa wa hotelini husimama chini ya paa la makuti, mbele ya watu waliochomwa na jua mchana kutwa, wenye kandambili miguuni na sahani ya chakula mbele yao, wasiojua neno la lugha yake na wasiolazimika kumsikiliza. Hawakuja kwa ajili yake, wamekuja kwa ajili ya bahari. Akipiga kwa sauti kubwa wanalalamika kwa meneja, na akipiga kwa sauti ndogo wanaendelea na mazungumzo yao. Akiimba nyimbo za kwao, wanamlinganisha na sahani walizoziacha nyumbani, na akiimba za kwake, hawaelewi. Katika mashaka hayo mtunzi mwenye akili hutafuta wimbo ambao mgeni ataweza kuuimba pamoja naye kabla haujamalizika, na wenyewe ukabaki wa pwani kwa lugha na kwa mwendo.

Teddy Kalanda Harrison aliutafuta wimbo huo akaupata. Jambo Bwana, uliorekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, umejengwa kwa ufundi ambao wepesi wake huwadanganya watu. Maneno yake ni maamkizi, habari za mtu na jibu lake, kumkaribisha mgeni na kumtoa wasiwasi; kila fungu ni fupi, hutolewa na mmoja na kupokewa na wengi, kama mwalimu wa chuoni na watoto wake; na muziki wake huenda kwa mwendo ambao mtu asiyejua kucheza anaweza kuufuata akiwa amekaa kitini. Mgeni aliyeusikia mara ya pili alikuwa tayari anaimba. Santuri yake ilitolewa na kampuni ya Polygram, ikauzwa kwa maelfu, na katika muda wa miaka michache ikawa imeingia katika kila hoteli, kila basi la watalii, na kila duka la vinyago.

Hapo ndipo wimbo ulipompita mwenyewe. Bendi nyingine za pwani ziliuchukua, kwa kuwa kila meneja wa hoteli aliutaka na kila mgeni aliuliza. Mombasa Roots waliuimba, na Safari Sound Band waliutia katika sahani yao ambayo watalii wengi waliinunua wakaenda nayo kwao wakiamini kwamba ndiyo asili. Mwaka wa 1983 Boney M, kikundi kilichovuma Ulaya nzima, walitoa wimbo wao uliojengwa juu yake. Wimbo ulikuwa mithili ya jahazi ambalo shehena yake hupokewa kwa furaha katika kila bandari, wala hapana anayeuliza jina la nahodha. Wengine hata walidhani kwamba ni wimbo wa jadi usio na mtunzi, ulioimbwa na mababu tangu dahari, ilhali mtunzi wake alikuwa hai, na huenda usiku uleule alikuwa akiupiga Bamburi.

Kusahauliwa huko kwa mtunzi hakukuwa dhuluma ya mtu mmoja. Ilikuwa kasoro ya mfumo. Chama cha kukusanya haki za watunzi wa Kenya, yaani Music Copyright Society of Kenya, kiliundwa mwaka wa 1983, wimbo ukiwa umekwisha kutoka. Na hata baada ya kuundwa kwake, kufuatilia kila hoteli na kila kaseti ilikuwa kazi ya kufukuza upepo. Miaka mingi baadaye, mwishoni mwa 2018, Waafrika Mashariki walipoghadhibika kusikia kwamba kampuni ya Disney ilikuwa imejiandikishia nchini Marekani maneno ya hakuna matata kuwa alama ya biashara, ghadhabu ile ilikuwa ya haki, lakini wengi wa walioghadhibika walikuwa wakiutetea msemo ambao umma wa watu uliusikia kwanza katika wimbo huu wa Mombasa, na hawakuweza kumtaja mtunzi wake. Tulikuwa wepesi wa kudai mali yetu na wazito wa kumjua mwenye mali.

Mwaka wa 1987 bendi ilihama pwani ikaenda Nairobi. Wako waliouhesabu uhamisho huo kuwa ni kuikimbia asili, walakini anayejua hali ya mambo hawezi kuwalaumu. Studio zilikuwa Nairobi, kampuni za sahani zilikuwa Nairobi, redio na televisheni ya taifa zilikuwa Nairobi. Na bendi iliyobaki hotelini ilibaki na wasikilizaji wanaobadilika kila baada ya majuma mawili, wasiokumbuka leo kilichopigwa jana. Nairobi walipata wasikilizaji wanaorudi. Huko bendi ilijipanua, ikapiga chakacha, ikapiga rege, ikapiga benga, ikatoa Embe Dodo, wimbo wenye utamu wa pwani uliopendwa na watu wa bara, na ikadhihirisha kwamba vijana wale hawakuwa watumbuizaji wa watalii tu, walikuwa wasanii wanaoweza kusema na taifa zima.

Sasa tumefika katika sehemu ya tarikh hii ambayo ndiyo hasa iliyotupa sababu ya kushika kalamu. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, bendi ikiwa katika nguvu zake, na ikiwa na njia nyingi za kujitafutia faida, ilimwendea mzee mmoja wa pwani, Fundi Konde, ikamtaka aimbe tena.

Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka wa 1924, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika Afrika Mashariki kurekodi kwa gitaa la umeme. Wakati wa vita vya pili vya dunia alichukuliwa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipigana upande wa Bara Hindi na Burma, na aliporudi alikuwa na gitaa mkononi na rumba sikioni. Kuanzia mwaka wa 1947 na katika miaka ya 1950 alitoa nyimbo zilizojulikana katika kila mji wenye santuri: Tausi, Majengo Siendi Tena, Mama Sowera, Ajali Haikingiki. Kiswahili chake kilikuwa safi, sauti yake laini isiyo na haraka, na gitaa lake lilimjibu mwimbaji kwa adabu, bila ya kumkatiza. Kisha zama zikageuka. Vijana wakataka mwendo mwingine, gitaa za Kongo zikatawala, na jina la Fundi Konde likabaki katika kumbukumbu za watu wazima na katika yale maktaba ya redio ambayo watangazaji huyafungua kwa ajili ya vipindi vya zilizopendwa.

Kumrudisha mzee jukwaani ni kazi yenye hatari mbili. Ya kwanza ni kumfanya kitu cha maonyesho, apigiwe makofi kwa sababu ya mvi zake. Na ya pili ni kumfunika kwa ala mpya hata sauti yake ikawa pambo katika nyimbo zake mwenyewe. Them Mushrooms walijiepusha na zote mbili. Walizipiga nyimbo zake upya kwa ala za wakati wao, kwa besi iliyojaa na mitambo ya studio ya kisasa, lakini mwendo wakauacha uwe wake, na nafasi baina ya ubeti na ubeti wakamwachia. Wasikilizaji ambao wazazi wao walicheza nyimbo hizo kabla ya uhuru walizipokea kana kwamba zimetungwa jana. Baina ya sahani za mwanzo za mzee huyo na hizi mpya palikuwa na zaidi ya miaka arobaini, na bendi ilikuwa imeliziba pengo hilo kwa muda wa kazi ya studio.

Na matunda yake hayakuishia Kenya. Mwaka wa 1994 kampuni ya RetroAfric ya Uingereza ilikusanya rekodi zake za 1947 hadi 1956 ikazitoa katika sahani moja, na mwaka uliofuata mzee alikwenda Uingereza kupiga muziki pamoja na Shikamoo Jazz, bendi ya wakongwe iliyokuwa imeundwa Dar es Salaam mwaka wa 1993 kwa kukusanya wapigaji wa bendi mbalimbali za zamani zilizokwisha kutawanyika. Si halali kudai kwamba Them Mushrooms walikuwa chanzo cha yote hayo, kwani walikuwapo wengine waliofanya kazi hiyo kwa juhudi. Halali ni kusema kwamba katika miaka ile palikuwa na mwamko wa kuwakusanya wazee wa muziki, na kwamba bendi hii ya pwani ilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Fundi Konde alifariki mwaka wa 2000, akiwa ameyaona majaliwa ambayo wanamuziki wachache wa rika lake waliyaona: kusikilizwa na wajukuu wa wasikilizaji wake wa kwanza.

Moyo uleule wa kukutanisha uliwaongoza katika kazi nyingine. Walishirikiana na Malika, mwimbaji maarufu wa taarab, na kwa ushirikiano huo sauti ya arusini iliyozoea zumari na udi na kinanda ilisikika juu ya gitaa na besi katika kumbi za dansi, bila ya mwimbaji kuacha madoido yake. Walishirikiana pia na Queen Jane, mwimbaji wa Kikuyu, katika nchi ambayo siasa zake mara nyingi ziliwafundisha watu wa bara na wa pwani kutazamana kwa shaka. Ushirikiano wa namna hii leo ni desturi, kwa kuwa kila msanii huwatafuta wasikilizaji wa mwenziwe. Katika zama za Them Mushrooms ulitaka ujasiri, kwani mpenzi wa taarab aliweza kusema kwamba bendi imeiharibu taarab, na mpenzi wa dansi akasema kwamba bendi imezeeka.

Kwa nini, basi, bendi yenye sifa hizi haikupewa hadhi iliyopewa nyingine? Sababu ziko nyingi, na mojawapo ni wimbo wenyewe. Wajuzi wa muziki, hususa wale wa nje wanaoandika vitabu juu ya muziki wa Afrika, walipenda kuzitafuta bendi ambazo watalii hawakuzijua, na bendi iliyosikika katika kila hoteli ilionekana kwao kuwa si ya kuchunguzwa. Wapenzi wa taarab nao waliiona ni ya dansi, na wapenzi wa dansi la Kongo waliiona ni ya hoteli. Hivyo kila kundi likaliachia kundi jingine jukumu la kuisifu, na sifa ikakosa mwenyewe.

Leo anayetaka kuona jinsi nyimbo zinavyoishi bila ya watunzi wake na aende Mama Ngina jioni, kwenye ukingo wa kusini wa kisiwa, mahali ambapo meli zinazoelekea Kilindini hupita karibu hata mtu akaweza kusoma majina yake. Bustani ya ufuoni iliyofanyizwa upya, na ambamo sherehe za Siku ya Mashujaa zilifanyika tarehe 20 Oktoba 2019, ina jukwaa lake na ngazi za kukalia, na mibuyu ya kale imeachwa isimame. Alasiri ikipoa, jamaa huja na watoto wao. Muuza mihogo hupasua muhogo uliochomwa, akautia pilipili ya unga na chumvi, akaukamulia ndimu juu yake na kuufunga katika karatasi. Jirani yake huuza madafu, na mwingine maembe mabichi yaliyokatwa vipande na kunyunyiziwa pilipili. Muziki hautoki katika sahani za santuri tena, hutoka katika vipaza sauti vidogo vya simu, na Jambo Bwana haikosekani hapo, katika kinywa cha mtoto au cha mgeni. Hao ndio warithi halisi wa Them Mushrooms, nao wanastahili kuambiwa wamerithi kwa nani.

Kuna njia nyepesi za kulipa deni hili. Watangazaji wa redio wamtaje mtunzi kila wanapoupiga wimbo, kama wanavyowataja watunzi wa Kongo bila ya kusahau. Waalimu wanaowafundisha watoto kuuimba mbele ya wageni wa heshima wawafundishe na jina la Teddy Kalanda Harrison. Na katika jukwaa la Mama Ngina, ambalo ni mali ya umma, wanaoandaa matamasha wawape nafasi wakongwe wa Mombasa wapige pamoja na vijana katika usiku mmoja, wala wasiwatengee wazee asubuhi isiyo na watu.

Na kwa bendi changa, mfano uliowekwa na ndugu wale ni mzito kuliko wimbo wowote. Walipokuwa na jina na nafasi, walimtafuta aliyewatangulia wakamwekea kipaza sauti mbele yake. Fundi Konde alitafutwa akiwa hai, pumzi zake zikitosha kuimba; wenziwe wengi walikumbukwa katika tanzia za redio. Kila mji wa pwani una mzee wake ambaye bado anaweza kushika ala, na bendi inayosubiri kumwenzi mpaka afe itakuwa imechagua kazi nyepesi zaidi.